Nani Alimpa Ufunguo?

"Wewe si unaendesha Fuso? Hiki kitakushinda nini?" Maneno haya, au yanayofanana nayo, husemwa sana kwenye maghala ya Vingunguti, Chang'ombe na Kurasini, na ukivuka mpaka utayasikia Changamwe na Athi River. Opereta hajafika, kontena limeshafika, mwenye mzigo anapiga simu bila kuchoka. Msimamizi anamtazama dereva wa lori aliyekaa kivulini akisubiri zamu yake. Dereva asipokuwapo, anamtazama tandiboi. Ufunguo unatoka mfukoni, kijana anapanda, foklifti inawaka.

Msimamizi huyo si mtu mbaya. Anafuata imani ambayo wengi wetu tumeipokea bila kuihoji: kwamba foklifti ni gari dogo lenye meno mbele, kwamba kuiendesha mtu hujifunza kwa kutazama na kujaribu, kwamba cheti ni karatasi ya kumwonyesha mkaguzi, na kwamba siku mashine ikimlalia mtu, chanzo ni uzembe wa dereva. Nasema imani hii haina ukweli tangu mwanzo hadi mwisho. Na kipande chake cha mwisho, hicho cha uzembe, ndicho kinachoua zaidi, kwa sababu kinafunga faili kabla hajapatikana mtu wa kuuliza swali la pili.

Tuanze na hilo la gari dogo. Foklifti ya tani 2.5, ile inayoonekana kwenye maghala mengi, yenyewe ina uzito wa takriban tani 3.5 hadi 4 ikiwa tupu. Teksi ya kawaida haifiki tani 1.5. Uzito huo umewekwa kwa makusudi: nyuma ya kiti kuna donge kubwa la chuma ambalo kazi yake ni kuvuta chini wakati mzigo unavuta mbele. Mfikirie muuza maji na mzega wake begani. Ndoo ya mbele ikisogezwa kidogo kuelekea ncha ya mti, ile ya nyuma inaanza kupaa, ingawa hakuna aliyeongeza hata kikombe cha maji. Bega la foklifti ni magurudumu yake ya mbele. Ndiyo maana mashine iliyoandikwa tani 2.5 haibebi tani 2.5 za kila kitu. Kiasi hicho ni cha mzigo ambao kitovu chake cha uzito kiko sentimeta 50 kutoka mgongoni mwa meno. Leta mzigo mrefu, kitovu kisogee hadi sentimeta 70, na mashine ileile imeshuka hadi karibu tani 2. Funga kifaa cha kubania marobota, inashuka tena. Inua mlingoti mpaka juu, huenda ikashuka zaidi. Dereva wa Fuso, hata awe hodari namna gani, hajawahi kushika chombo ambacho uwezo wake unaliwa na sentimeta ishirini za upangaji.

Kisha usukani. Gari hugeuza magurudumu ya mbele, foklifti hugeuza ya nyuma. Ukikata kona, meno yanaingia na matako ya mashine yanafagia upande wa pili kwa nguvu. Aliyezoea gari macho yake yako mbele. Anayeumia ni karani aliyesimama ubavuni na daftari lake, akiamini kwamba mashine inaondoka alipo. Springi hazipo, kwa hiyo kila shimo la sakafu linapanda moja kwa moja hadi kwenye mzigo. Ekseli ya nyuma imeshikwa na pini moja katikati ili magurudumu yote yaguse chini hata pasipo sawa, na kwa sababu hiyo mashine haikusimama kwenye pembe nne kama gari. Imesimama kwenye pembetatu: gurudumu la mbele kushoto, la mbele kulia, na ile pini. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, inaanguka. Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hulikataa mpaka walione kwa macho: foklifti tupu inayokata kona kwa kasi ni rahisi zaidi kulala ubavu kuliko iliyobeba mzigo chini chini, maana bila mzigo kitovu kinarudi nyuma, kule pembetatu inakobana.

Ikianza kulala, mwili wa binadamu unamwamuru mtu aruke. Anaruka upande uleule mashine inakoangukia, na ile fremu ya chuma iliyowekwa juu ya kichwa chake kumlinda inamshukia mgongoni. Anachotakiwa kufanya ni kinyume kabisa na silika yake: abaki kitini mkanda ukiwa umefungwa, akaze mikono kwenye usukani, akanyage sakafu kwa nguvu, aegemee upande ulio mbali na anguko. Hakuna mtu anayegundua hilo peke yake ndani ya sekunde moja. Ama alifundishwa, au ataruka.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, iliwahi kuchambua vifo 1,021 vya foklifti vilivyotokea nchini humo kati ya mwaka 1980 na 1994. Asilimia 22 vilikuwa vya mashine kupinduka. Asilimia 20 walikuwa watu waliokuwa kwa miguu wakagongwa. Asilimia 16 walibanwa na mashine, asilimia 9 walianguka kutoka juu yake. Atakayeniambia kwamba hizo ni takwimu za zamani na za ugenini, namwomba anionyeshe ni lipi kati ya hayo manne lisilowezekana kwenye yadi yake leo mchana.

Mashine zetu nyingi ni mitumba ya Japani. Ubavuni, karibu na anapokaa opereta, huwa na bamba dogo lenye jedwali: uzito, umbali wa kitovu, kimo cha kuinulia. Hilo bamba ndilo linalosema mashine inabeba nini na wapi inakomea. Kuna mashine moja niliyoisogelea kwenye yadi ya mbao. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na nusu ya jedwali ilikuwa imefunikwa na rangi ya manjano iliyopulizwa mashine iliporembwa kabla ya kuuzwa. Mkanda ulikuwa umekatwa, kichwa chake cha chuma kikining'inia pembeni ya kiti. Swichi ya chini ya kiti, ambayo huizuia mashine isitembee kama hakuna aliyekaa, ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya wa shaba. Nilimuuliza opereta, kijana mpole na mchapakazi, mashine yake inabeba kiasi gani. Akanijibu bila kusita: "Mzee wangu, ukiona matako yananyanyuka, ujue hiyo imezidi."

Jibu hilo limeniuma kuliko ule mkanda uliokatwa. Magurudumu ya nyuma ndiyo yenye usukani. Yakinyanyuka, opereta hana tena anachokiongoza. Alama anayoitegemea kumwonya ndiyo ajali yenyewe ikiwa imeshaanza. Na kwenye maghala mengi yakinyanyuka, dawa yake inajulikana: makuli wawili wanaitwa kupanda nyuma "kuongeza uzito". Watu hao wanakaa juu ya chuma kisicho na mkanda wala pa kushika, kwenye mashine ambayo imeshasema kwa vitendo kwamba imeshindwa. Kijana yule hakuwa mjinga. Alijifunza kila ambacho ghala lake lingeweza kumfundisha bila mwalimu, na hicho ndicho kiasi chake.

Hapa huja hoja ya uzoefu. Fulani ana miaka mingi kwenye mashine na hajawahi kuangusha hata gunia, mafunzo ya nini? Ninawaheshimu sana maopereta wa aina hiyo. Nimewaona wakiingiza meno chini ya paleti iliyokaa vibaya kwenye kona ya kontena, pasipo nafasi ya ngumi, bila kukwaruza mbao. Lakini uzoefu hufundisha kile tu ambacho mashine imeshakuadhibu nacho. Anayetembea na mlingoti juu kwa mwaka mzima na asianguke, kila siku iliyopita salama imemhakikishia kwamba hakuna hatari, mpaka ile siku sakafu iwe na maji na kona iwe kali. Njia ya mkato haipigi kelele inapoanza kuwa mazoea. Kwa hiyo mwenye miaka mingi anahitaji kutazamwa na jicho jingine sawa na mgeni, ingawa si kwa sababu ileile.

Marekani waliliona hilo. Kanuni yao ya mafunzo ya maopereta, iliyoanza kutumika mwaka 1999, inamtaka mwajiri ampime kila opereta angalau mara moja katika kila miaka mitatu, na amrudishe mafunzoni akionekana anaendesha vibaya, akipata ajali au akiiponea chupuchupu, akipewa mashine ya aina nyingine, au mazingira ya kazi yakibadilika. Kigezo hapo ni matendo ya mtu na mahali anapofanyia kazi. Idadi ya miaka yake haimo.

Sasa tuje kwenye hukumu inayotolewa baada ya damu kumwagika. Fomu ya ajali huwa na mstari wa chanzo, na mstari huo hujazwa upesi: uzembe wa dereva. Kisha dereva anafukuzwa, au anazikwa, sakafu inamwagiwa mchanga, na wiki inayofuata mashine ina mtu mwingine. Ningependa aliyejaza fomu hiyo aendelee kuandika. Kona ile ina kioo? Njia ya waendao kwa miguu imechorwa chini, au karani, mlinzi, mama anayeleta chai na foklifti wote wanatumia mlango mmoja? Nani aliamua kwamba kontena la futi 40 liwe tupu kabla ya saa sita? Makuli wanalipwa kwa siku au kwa kontena? Kama ni kwa kontena, opereta anayepunguza mwendo anawapunja watu wanane riziki yao, na watamweleza hivyo usoni. Mwendo wa kilometa 10 kwa saa unaonekana ni wa kutambaa. Kwa mwendo huo mashine inakwenda karibu mita 3 kila sekunde. Opereta akishtuka, sekunde moja inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki, na zile mita 3 zimekwisha. Akikanyaga ghafla, mzigo unateleza na kuendelea na safari peke yake. Je, kuna mtu aliyewahi kumweleza hayo, na kumpa muda wa kwenda polepole?

Taa ya darini imeungua. Ngazi haifiki. Sauti inasema, mpandishe Juma kwenye paleti, mara moja tu. Amri hiyo haitoki kwa opereta, hutoka kwa anayemlipa. Juma anasimama juu ya mbao mita nne kutoka sakafuni, hana pa kushika, na chini yake mtu ameshika leva ya mlingoti. Akianguka, fomu itajazwa vilevile.

Sikatai kwamba wapo maopereta wazembe. Wapo wanaokuja kazini na pombe ya jana, wapo wanaoshindana na kuzungusha mashine kwenye yadi kwa maonyesho. Lakini uzembe ni kuvunja kanuni unayoijua. Huwezi kumshtaki mtu kwa kuvunja kanuni ambayo hukumfundisha, kwenye mashine ambayo bamba lake hawezi kulisoma, kwa mwendo uliomlazimisha wewe. Mwajiri anayetaka haki ya kusema "huyu alizembea" lazima kwanza aonyeshe kwamba alimfundisha, alimpima, na alimpa nafasi ya kufanya kazi kama alivyofundishwa. Asipoweza, mzembe ameshajulikana, na hakuwa kwenye kiti cha foklifti.

Sheria zetu zenyewe zimelisema hilo. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, inamwagiza mwenye mahali pa kazi atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi vinavyohitajika ili watu wawe salama. Tanzania tuna sheria ya aina hiyo, Namba 5 ya mwaka 2003, na wakala wa OSHA wa kuisimamia. Wajibu umewekwa mabegani mwa mwajiri. Sisi tumeutelemsha taratibu, kutoka ofisini hadi kwa msimamizi, kutoka kwa msimamizi hadi kwa kijana asiye na mkataba.

Wenye shaka juu ya vyeti wana jambo la haki mkononi, na sitalipuuza. Kuna mafunzo ambayo mtu huketi kwenye kiti cha plastiki, anatazama picha ukutani, anajibu maswali ambayo majibu yake yamesomwa kwa sauti, anapigwa picha na kuondoka na kadi yenye mhuri. Hajagusa usukani. Kadi ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa kadi, kwa kuwa inamnyamazisha mkaguzi na kumpa mwajiri usingizi. Lakini kutoka hapo wanarukia kusema kwamba mafunzo hayana maana, na hapo ndipo tunapoachana. Dawa feki sokoni haijawahi kuwa hoja ya kuacha kutibiwa.

Waingereza hugawa mafunzo haya sehemu tatu, na mgawanyo huo unajibu pande zote mbili. Kwanza misingi: mashine inasimamaje, inaangukaje, inakaguliwaje asubuhi, mzigo unabebwaje. Hii inaweza kufanyika chuoni, na vyuo tunavyo, vikiwemo vyuo vya bandari vya Dar es Salaam na Mombasa. Pili ni mafunzo ya kazi mahususi: mashine ile atakayoitumia, vifaa vyake, mizigo ile atakayoibeba, iwe ni marobota ya pamba, mapipa ya mafuta au vigae. Tatu ni kuzoeshwa mahali penyewe, chini ya macho ya mtu, kazini: mteremko huu, mlango huu mfupi, mgeuko huu ambao watu hutokea ghafla. Aliyemaliza chuo amemaliza sehemu ya kwanza. Mbili zilizobaki ni za ghala, na hakuna chuo kinachoweza kuzitoa kwa niaba ya ghala. Anayesema "cheti ni karatasi tu" anasema kweli kuhusu cheti. Anasahau kwamba kilichobaki ni kazi yake.

Chukua mteremko peke yake. Ukiwa na mzigo, unapanda mbele na kushuka kinyumenyume, ili mzigo uwe upande wa juu daima. Ukiwa tupu, ni kinyume: meno yaelekee chini. Na hugeuzi katikati ya mteremko, kwa hali yoyote. Ni sentensi tatu fupi, lakini mtu mzima aliyeendesha malori maisha yake yote hawezi kuzibuni, na akizisikia mara moja darasani atazisahau. Anahitaji kuzifanya kwenye mteremko wa ghala lake mara nyingi, na mtu pembeni wa kumsimamisha anapokosea. Siku mbili tatu za mtu mmoja zinatosha kwa mengi ya haya.

Gharama, basi. Najua siku hizo zina bei, na biashara nyingi zinahema. Lakini mwenye mali anahesabu upande mmoja tu wa daftari. Rafu moja ikigongwa mguuni inaweza kuangusha na jirani zake, pamoja na bidhaa zote na aliyekuwa katikati. Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inataja mapato ya miezi 96 kwa ulemavu wa kudumu usiobakiza uwezo wa kufanya kazi. Tanzania wapo wanaojituliza kwamba wanachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kila mwezi, kwa hiyo mfuko utabeba. Mfuko unalipa baada ya mguu kukatwa. Haukuundwa uwe mbadala wa kuulinda mguu.

Na tusiambiane kwamba ukali huu hauwezekani kwa watu wetu. Vijana wa Mombasa, Tanga na Dar wanaokwenda Ghuba kutafuta maisha wanakutana nao huko. Dubai, leseni ya foklifti ni daraja lake, nyepesi mbali na nzito mbali, na mwenye leseni ya gari hapandi foklifti kwa sababu ya hiyo ya gari. Anapimwa. Mizigo ya bandari yao ya Jebel Ali haijasimama kwa ajili hiyo. Ni kijana yuleyule, mikono ileile, anayehesabiwa kwamba uhai wake unastahili mtihani akishashuka ndege, na huku kwao alipewa mashine kwa ishara ya kidevu.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya. Ufunguo wa foklifti usikae mfukoni mwa mtu wala usiachwe kwenye mashine. Ukae ofisini, pamoja na daftari, na anayeutoa aandike jina lake yeye mwenyewe kabla ya jina la anayeupokea, mashine ni ipi, na opereta huyo alipimwa lini mara ya mwisho kwenye mashine hiyo, hapo hapo kazini. Kabla ya kuwaka, opereta akague tairi, meno, minyororo ya mlingoti, breki, honi na mkanda, na msimamizi asaini kwamba ameona. Mabamba ya Kijapani yatafsiriwe na kubandikwa upya kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka. Na wakaguzi wa OSHA na wenzao wa Kenya wanapoingia ghalani, waanze na daftari hilo kabla ya kuuliza vyeti. Wakikuta ukurasa mtupu na mashine inatembea, waisimamishe palepale, hata kama kontena liko wazi na mwenye mzigo yuko kwenye simu, na wamhoji aliyetoa ufunguo.